Ganzi na miguu kuwaka moto: niulize nini kabla ya kuuza vidonge vya vitamini B?

MtoaDawa_Mvomero

Wakuu, habari za kazi.

Niko kwenye duka la dawa muhimu. Kila wiki kaunta inapokea watu wa aina moja: nyayo zinawaka moto usiku hadi wanatoa miguu nje ya shuka, vidole vya miguu vimekufa ganzi, wengine wanasema ni kama sisimizi wanatembea ndani ya ngozi. Wengi wana miaka 45 kwenda juu. Baadhi wana kisukari, baadhi wapo kwenye dozi ya TB, na wapo ambao hawajawahi kupima chochote. Wote wanakuja na jibu mkononi: "Nipe ile dawa ya neva." Wanamaanisha mchanganyiko wa B1, B6 na B12, na wengi wanautumia kutwa mara tatu kwa miezi mingi bila kuandikiwa na mtu.

Naomba msaada kwa wenye ujuzi. Nimuulize nini mteja kabla sijafungua kabati? Ni nani kweli anasaidiwa na vitamini hizi, na kwa kiasi gani? Na yupi nisimuuzie kabisa, nimwambie aende kituo cha afya leo hii?

---

Tabibu_Kliniki_ya_Sukari

Mkuu, umeuliza vizuri, maana ganzi ni dalili. Haiwezi kuwa na dawa moja, kama homa isivyo na dawa moja.

Anza na hawa wa kuondoka leo. Miguu inayolegea ndani ya siku chache na ulegevu unapanda juu: huyo anaweza kufikia kushindwa kupumua, haendi nyumbani. Ganzi ya makalio na kati ya mapaja, pamoja na mkojo kugoma au kujitokea wenyewe, ni uti wa mgongo unabanwa. Kwetu huku TB ya mgongo ni mojawapo ya sababu. Ganzi ya ghafla upande mmoja wa mwili, uso umepinda, ulimi mzito: kiharusi. Na yeyote mwenye kidonda kwenye unyayo ambacho "hakiumi". Kutouma huko ndiko hatari yenyewe.

Aliyebaki muulize: ni mguu mmoja au yote miwili? Ugonjwa wa neva unaotokana na sukari, pombe, dawa au upungufu wa vitamini huanza kwenye vidole vya miguu yote miwili kwa pamoja, kwa sababu neva ndefu zaidi ndizo huumia kwanza, kisha hupanda taratibu. Ukifika karibu na magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Mguu mmoja tu, maumivu yakitoka kiunoni na kushuka nyuma ya paja, hiyo ni neva imebanwa mgongoni. Mkono mmoja, kidole gumba na viwili vinavyofuata, ukimwamsha usiku akaukung'uta apate nafuu, neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Hao vitamini haiwagusi hata kidogo.

Halafu muulize dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji na za kliniki nyingine. Mwambie azilete kwenye mfuko. Metformini ya kisukari, isoniazidi ya TB, linezolidi ya TB sugu, metronidazoli iliyotumiwa wiki nyingi, nitrofurantoini ya maambukizi ya mkojo hasa kwa mwenye figo dhaifu, fenitoini ya kifafa ya miaka mingi, dawa za saratani kama vinkristini na paklitakseli: zote zinaweza kuharibu neva. Wenye VVU wa siku nyingi waulize kama waliwahi kutumia stavudini, dawa ya zamani ya VVU. Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe mwaka 2009, lakini kuna watu ambao ganzi iliyoachwa na dawa ile bado wanayo. VVU vyenyewe pia huumiza neva.

Pombe iulize bila kuhukumu, na uulize kwa jina la kinywaji, siyo "unakunywa?" Mtu wa gongo atakwambia hanywi bia, na atakuwa anasema kweli.

Asiyewahi kupima sukari apime leo. Wapo wanaogundulika kuwa na kisukari kwa sababu ya miguu tu.

Kuna kipimo kidogo kisicho na gharama unachoweza kufanya hapo hapo kwenye benchi. Mteja avue viatu na soksi, afumbe macho. Mwambie: nikikugusa, sema kulia au kushoto. Kisha mguse kwa ncha ya kidole chako cha shahada, wepesi kabisa, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kidole kidogo cha kulia, gumba la kushoto, kidogo cha kushoto, kisha kile cha katikati cha kulia na cha katikati cha kushoto. Usibonyeze, usipapase, usirudie pale ambapo hakujibu. Akikosa vidole viwili au zaidi kati ya hivyo sita, miguu yake imepungukiwa hisia na iko kwenye hatari ya vidonda. Kipimo hiki kilibuniwa Ipswich, Uingereza, kwa ajili ya watu wa kisukari, na matokeo yake yanakaribiana na yale ya uzi wa plastiki wa gramu 10 tunaoutumia kupima hisia kliniki.

---

Mfamasia_Mkali

Naongezea upande wa vidonge, maana hapa ndipo wauzaji tunapoharibu.

Chukua boksi ulilonalo, soma kibandiko. Mchanganyiko mmoja maarufu una B1 miligramu 100, B6 mg 200 na B12 mikrogramu 200 kwa kidonge kimoja. Kuna mwingine wenye jina linalokaribia kufanana, rangi zinashabihiana, lakini una B6 mg 3 tu. Mteja anayesema "ile ya neva" hajui tofauti, na mtoa dawa asiyesoma hajui pia.

Sasa piga hesabu. Kidonge cha mg 200 kutwa mara tatu ni mg 600 za B6 kwa siku. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2023 iliweka ukomo wa mg 12 kwa siku kwa mtu mzima, kutoka vyanzo vyote. Marekani wanasema mg 100. Kwa vyovyote utakavyopima, huyo mteja yuko mbali sana juu ya mstari, na siyo kwa wiki moja bali kwa miezi.

Kwa nini ni tatizo? Kwa sababu B6 ikizidi huharibu neva zile zile za hisia unazotaka kuzitibu. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliripoti watu 7 waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku, wakaishia kushindwa kutembea sawasawa. Baadaye yameripotiwa madhara kwa dozi za chini zaidi zinazotumiwa muda mrefu. Dalili zake: ganzi ya miguu na mikono, kutojua mguu umekanyaga wapi, kuyumba gizani au akifumba macho bafuni wakati wa kunawa uso. Nguvu za misuli zinabaki. Na mteja akiona ganzi imezidi, anafanya nini? Anaongeza vidonge.

Akiacha, wengi hupata nafuu, ila mwambie mapema kwamba dalili zinaweza kuzidi kwa wiki mbili hadi sita za kwanza kabla ya kuanza kupungua. Usipomwambia, atarudi kwenye kidonge akiamini kukiacha ndiko kulikomuumiza.

B1 haina tatizo hilo, ziada hutoka na mkojo. B12 vivyo hivyo, sumu yake haijulikani kwa dozi za kawaida. Kwa hiyo kama mtu anahitaji B12, mpe B12. Kama anahitaji B1, mpe B1. Mchanganyiko wa mg 200 siyo karanga za kutafuna.

---

Nesi_wa_TB

Mfamasia amesema kweli, ila wasomaji wa TB wasije wakaacha B6 yao kwa kusoma hapa!

Isoniazidi hujifunga na vitamini B6 mwilini na kuitoa kwa mkojo, kwa hiyo neva zinakosa. Wanaoathirika zaidi ni wajawazito na wanaonyonyesha, wenye lishe duni, wanywaji, wenye VVU, kisukari au ugonjwa wa figo, na wale ambao miili yao huichakata isoniazidi polepole kwa urithi. Kinga yake ni piridoksini (ndiyo B6 yenyewe) mg 10 hadi 25 kwa siku, basi. Ndiyo maana kidonge cha pamoja wanachopewa baadhi ya wenye VVU kwa kuzuia TB kina isoniazidi mg 300 na B6 mg 25 ndani yake. Ganzi ikishaanza, mwongozo ni kupandisha hadi mg 50 au 75 kwa siku chini ya uangalizi wa kliniki. Mg 600 haimo popote katika mpango huo.

Mteja wa TB mwenye ganzi muulize tu: umepewa B6 pamoja na dozi? Unaimeza? Wapo wanaoiacha kwa kuwa "ni vitamini tu", wanabaki na vile vidonge vyekundu vya TB. Mrudishe kliniki, asikatishe dozi ya TB kwa hali yoyote.

Wa TB sugu wanaotumia linezolidi ni habari nyingine. Ganzi yao inatokana na dawa kuathiri vinu vya nishati ndani ya seli, na B6 haiwezi kutegemewa kuizuia. Katika utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2020, dozi ya mg 1200 kwa siku, asilimia 81 ya wagonjwa walipata ugonjwa wa neva. Ndiyo sababu sasa wanaanza na mg 600. Hapo uamuzi wa kupunguza au kusimamisha ni wa daktari wao, na kuchelewa wiki kadhaa kunaweza kuacha ganzi ya kudumu. Tena waulize macho, kwani neva ya kuonea nayo huguswa.

Na jambo ambalo hakuna aliyelitaja: ukoma. Bado unagundulika Tanzania. Tafuta baka lililopauka au jekundu kidogo lisilowasha na lisilohisi, misuli midogo ya kiganja iliyokonda, neva nene kama kamba nyuma ya kisukusuku. Dawa ni bure, miezi 6 au 12 kutegemea aina. Akiwahi, vidole vinabaki.

---

Maabara_Mjini

Kuhusu B12, nitasema la kwetu maabara.

Sampuli itolewe kabla ya kumeza au kuchomwa chochote. Mtu akishachomwa sindano ya B12, kiwango cha damu hubaki juu kwa wiki kadhaa na majibu hayasemi kitu. Tunaletewa sana sampuli za namna hiyo.

Chini ya pikogramu 200 kwa mililita (maabara nyingine huandika pikomoli 148 kwa lita) ni upungufu. Kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka. Vipo vipimo vya kuthibitisha, kama asidi ya methilimaloniki, ila havipatikani kila mahali na hupanda pia figo zikiwa mbovu. Mwenye dalili za neva na yuko eneo la mashaka, waganga wengi huanza tiba, na ni sawa.

Msitegemee picha kamili ya damu peke yake. Vitabu vinasema chembe nyekundu zitakuwa kubwa. Kwetu mgonjwa huyo huyo ana upungufu wa madini ya chuma, ambao hufanya chembe ziwe ndogo. Viwili vikikutana, wastani unaonekana wa kawaida kabisa. Na neva zinaweza kuharibika damu ikiwa bado nzuri.

Onyo la asidi ya foliki: ukimpa mwenye upungufu wa B12 foliki pekee, damu inapanda, kila mtu anafurahi, huku neva na uti wa mgongo vinaendelea kuharibika kimya kimya. Vile vidonge vya mg 5 vinauzwa kiholela mno.

---

MtoaDawa_Mvomero

Asanteni sana, hili la hesabu ya B6 limenishtua.

Nina mawili. Kwanza, mama wa miaka 58, kisukari miaka 9, metformini gramu 1 asubuhi na gramu 1 jioni, na omeprazoli ya vidonda vya tumbo ya muda mrefu. Sukari yake ya miezi mitatu (kipimo cha HbA1c) inasemekana ni nzuri. Nyayo zinawaka. Huyu ni sukari au ni vitamini? Pili, kuna wanaoagiza vidonge vya asidi ya alfa-lipoiki, kirutubisho cha neva, kutoka nje kwa bei kubwa. Inafaa au ni biashara?

---

Tabibu_Kliniki_ya_Sukari

Huyo mama ndiye hasa wa kupimwa B12. Metformini hupunguza ufyonzwaji wake mwishoni mwa utumbo mwembamba, na hatari hupanda kadiri dozi inavyokuwa kubwa na miaka inavyokwenda; gramu 2 kwa miaka 9 ina vyote viwili. Omeprazoli nayo hupunguza asidi ya tumbo inayotakiwa kuibandua B12 kutoka kwenye nyama na samaki. Akiba ya ini huweza kutosha miaka mitatu hadi mitano, ndiyo maana tatizo huchelewa kujitokeza na watu husahau kuilaumu dawa waliyoizoea. Inawezekana ana yote mawili, sukari na upungufu, ila upungufu ndio unaotibika moja kwa moja, basi usiuache.

Akithibitika, na kwa kuwa ana dalili za neva, huanza na sindano ya haidroksokobalamini (aina ya B12) mg 1, siku moja anachomwa na inayofuata anapumzika, hadi nafuu isiongezeke tena, kisha kila baada ya miezi miwili. Hiyo ni ya kituo. Duka la dawa muhimu halichomi sindano. Pasipo sindano, kidonge cha B12 cha mikrogramu 1000 hadi 2000 kila siku kinafanya kazi hata kama ufyonzwaji ni mbovu, kwa sababu takriban asilimia 1 hupenya yenyewe. Ona sasa: kile kidonge cha mchanganyiko kina mikrogramu 200. Atakuwa anapata B6 nyingi asiyoihitaji na B12 kidogo anayoihitaji. Metformini asiiache. Omeprazoli ajadiliane na daktari kama bado ina sababu. Chakula cha B12 ni maini, dagaa, samaki, mayai, maziwa. Mchicha na maharage, pamoja na uzuri wake, havina.

Alfa-lipoiki siyo utapeli, ila siyo muujiza. Kwa neva za kisukari, utafiti wa mwaka 2006 ulilinganisha mg 600, 1200 na 1800 kwa siku kwa wiki 5: kuwaka na kuchoma kulipungua, na dozi kubwa hazikuongeza faida ya maana, ziliongeza kichefuchefu tu. Utafiti mwingine wa miaka 4 haukufikia lengo lake kuu. Kwa hiyo mwenye uwezo ajaribu mg 600 mara moja kwa siku, nusu saa kabla ya kifungua kinywa kwa kuwa chakula huizuia, na kama wiki 5 au 6 zimepita bila nafuu aache, anunue viatu vizuri. Mwenye insulini au vidonge vinavyoshusha sukari apime mara kwa mara. Mnywaji mwenye upungufu wa B1 apewe B1 kwanza.

Benfotiamini, aina ya B1 inayofyonzwa vizuri zaidi, mg 300 hadi 600 kwa siku, ina ushahidi mdogo wa nafuu ya muda mfupi. Asetili-karnitini, kirutubisho kingine, imepunguza maumivu kwa baadhi ya watu wa kisukari, lakini mwenye saratani anayetumia paklitakseli asiiguse: utafiti wa mwaka 2013 ulikuta ganzi iliongezeka. Ilidhaniwa ingewakinga.

Jingine ambalo huwachanganya watu. Sukari iliyokuwa juu muda mrefu ikishushwa haraka sana, tuseme HbA1c ikatoka asilimia 13 hadi 8 ndani ya miezi mitatu, maumivu makali ya neva yanaweza kuanza ndani ya wiki chache. Mgonjwa husema insulini imemuunguza miguu. Asiache insulini. Hutulia polepole, na ashauriwe na kliniki yake.

Kwa maumivu yanayonyima usingizi, vitamini haitoshi. Amitriptilini mg 10 au 25 usiku ni ya bei nafuu na inafanya kazi, ila ni ya cheti: ina matatizo kwa wenye moyo, tezi dume na presha ya macho, na wazee huanguka. Pregabalini na gabapentini, dawa nyingine za maumivu ya neva, hupunguzwa dozi figo zikiwa dhaifu.

---

Bibi_Mlonge

Na unga wa mlonge? Watu wanausifia. Wengine wanachemsha maji ya moto na chumvi wanaloweka miguu.

---

Mfamasia_Mkali

Mlonge ni mboga nzuri, ale. Kwa neva hakuna ushahidi wa kutegemea, na hauna B12. Maji ya moto ndiyo nayapinga kwa nguvu zote: mguu usiohisi hauwezi kukwambia maji yanaunguza. Unatoka kwenye beseni na malengelenge, wiki inayofuata ni kidonda. Chupa ya maji moto kitandani, mkaa karibu na miguu, wembe wa kukatia sugu: vyote hapana. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa, nyayo ziangaliwe kila jioni kwa kioo au na mtu wa nyumbani.

---

MtoaDawa_Mvomero

Nimeelewa. Nikimpeleka huyo mama kituoni, niandike nini kwenye karatasi ili asirudishwe na mchanganyiko ule ule?

---

Tabibu_Kliniki_ya_Sukari

Andika kifupi, mganga anasoma haraka: "Miaka 58, kisukari miaka 9, metformini gramu 2 kwa siku, omeprazoli muda mrefu. Nyayo zote mbili zinawaka. Kugusa vidole: hakuhisi kadhaa kati ya 6" na taja vipi. "Ametumia vitamini B mchanganyiko, B6 mg ngapi kwa siku, kwa miezi mingapi. Naomba B12 kabla ya sindano, figo, na uchunguzi wa miguu." Mpe na boksi tupu la vidonge aende nalo.